Siri ya serikali iwe na mwenyewe

Mhariri,

Mijadala kuhusu mipango ya siri ya ujasusi huishia kwenye swali la nani aruhusiwe kujua, ilhali swali zito zaidi ni nani atakayewajibika siri hiyo ikivuja au ikitumiwa vibaya.

Tuchukue CORONA, mradi wa setilaiti za upelelezi wa Marekani ulioidhinishwa na Rais Eisenhower mwaka 1958. CIA ilibeba jukumu la kamera na usalama wa mradi, Jeshi la Anga likashika roketi na kazi ya kunasa angani vibweta vya filamu vilivyokuwa vikirudi duniani, huku umma ukiambiwa kuwa ule ni mpango wa kisayansi uitwao Discoverer. Kazi ilifanikiwa, jambo ninalolikiri bila kusita, lakini mabwana hao wawili, CIA na Jeshi la Anga, walivutana kwa miaka mingi hata baada ya kuundwa ofisi yao ya pamoja ya setilaiti za upelelezi, NRO, mwaka 1961.

Kinachonisikitisha ni kwamba kuwapo kwa ofisi hiyo kulikubaliwa hadharani mwaka 1992 tu. Picha zaidi ya 800,000 zilizopigwa na setilaiti za upelelezi kati ya mwaka 1960 na 1972 nazo zilifunguliwa kwa umma kwa amri ya Rais Clinton mwaka 1995.

Naomba basi kila mpango wa namna hii, popote ulipo, uwe na sera moja iliyoandikwa, afisa mmoja anayeulizwa na kamati ya bunge, na tarehe ambayo usiri wake lazima upitiwe upya.

Msomaji wako