Usinunue difu kwanza

Igoma, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mama nifikishie shikamoo yangu. Ule mvumo wa nyuma ya pikapu yako, ulionirekodia ukiwa njiani kutoka Sengerema, nimeusikiliza na kuurudia usiku, mtaa ulipotulia. Ombi langu la kwanza ni hili: usinunue difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kwanza. Fundi aliyekwambia ung'oe difu nzima uweke ya mtumba huenda ana nia njema, lakini hajakueleza alipima nini hadi akafika hapo. Ya mtumba nayo hujui imetoka wapi. Kama ugonjwa uko kwenye beringi ya tairi, utafunga difu nyingine na mlio utabaki palepale, na pesa ya dagaa itakuwa imekwenda.

Ekseli ya nyuma inadanganya masikio. Ile nyumba yake ni chuma kimoja toka tairi hadi tairi, kwa hiyo kinacholia pembeni kinasafiri humo, na wewe uliye kwenye kabini utaapa kwamba kinatoka katikati. Dawa yake ni kuibadilishia gari hali, moja baada ya nyingine, uone mlio unafuata nini.

Umesema mlio unaanza kwenye kilomita 50 kwa saa, unakua kadiri mwendo unavyoongezeka, na ukikata kona ya kushoto unazidi. Hilo la kushoto ndilo lililonishtua. Ukikata kushoto, uzito wa gari unaegemea kulia, na beringi ya tairi la kulia ndiyo inayobanwa. Mimi mawazo yangu yako hapo.

Ila tuhakikishe. Ukiwa na gari tupu, kwenye lami iliyonyooka na isiyo na mteremko, fika kilomita 60, achia mafuta, kanyaga klachi, weka frii, sikiliza. Mvumo ukiendelea vilevile na kupungua polepole pamoja na mwendo, chunguza tairi na beringi za pembeni. Difu yenyewe ina tabia nyingine: meno ya kraun (gia kubwa ya ndani) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yakichoka hulia kwa kufuata mguu wako. Ukikanyaga mafuta inalia hivi, ukiachia inabadilika au inanyamaza. Tena mlio wa beringi za pinioni huwa mwembamba, wa harakaharaka, kwa sababu pinioni inazunguka haraka kuliko tairi. Difu yenye meno 41 kwenye kraun na 10 kwenye pinioni huizungusha pinioni mara 4.1 kila tairi linapozunguka mara moja. Ulichonirekodia ni kizito, vuuuu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Kwangu hiyo si pinioni.

Tairi nazo usizisahau. Tairi lililolika kwa mabonde huvuma vilevile kama beringi. Lipapase kwa kiganja, kwenda na kurudi. Ukitoka kwenye lami ukaingia barabara ya vumbi na mvumo ukapotea, lishuku tairi. Na njia ya uhakika ni kuhamisha za nyuma mbele. Mlio ukihama nazo, umeokoa pesa nyingi. Krosi za propela, yale maungio ya mhimili unaotoka gia boksi kwenda difu, siziwazii sana, maana hizo hugonga "ko!" unapotoka rivasi kwenda gia ya kwanza, au hulia tititi ukiwa taratibu, na wewe hujasema lolote kati ya hayo.

Sasa nenda sehemu tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, inua nyuma, kisha ikalishe ekseli juu ya stendi imara. Jeki peke yake usiiamini, nakusihi. Achia hendibreki, weka frii, zungusha tairi la kulia kwa mkono huku kiganja cha mkono wa pili kimeshika springi karibu na ekseli. Beringi nzima haitakwambia kitu. Iliyokwaruzika utaihisi ikitetemeka kwenye springi hata kabla hujaisikia. Fanya hivyo upande wa kushoto pia, ulinganishe. Halafu shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imelegea. Ukikuta oili imechuruzika ndani ya ringi ya tairi, sili, ule mpira wa kuzuia oili, imekwisha, na oili hiyo inalowesha breki shuu.

Kuna jambo nataka uniambie kwa uwazi. Bado unarudi rivasi hadi ndani ya maji pale mwaloni mitumbwi inapotia nanga, ili wapakie dagaa moja kwa moja kutoka kwenye mtumbwi? Ekseli iliyotoka safari na mzigo ni ya moto. Ikiingia ziwani inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kile kipumulio, kitundu cha hewa juu ya ekseli, kimezibwa na tope, ekseli inavuta maji kupitia sili. Maji yakikaa humo, beringi zinapata kutu, na kutu ndiyo inayozichimba hadi zinavuma. Nimeona pikapu nyingi za mialoni zikifa hivyo, na inaniuma kwa sababu kusafisha kipumulio ni kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo fungua oili ya difu. Anza na bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ya kujazia ikigoma ukiwa umeshamwaga, gari litalala hapo. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya bolti si wa kutisha. Vipande ni habari nyingine, na hapo nitakubali difu ifunguliwe. Oili ikiwa nyeupenyeupe, maji yameingia. Utakayojaza iwe oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito 80W-90.

Ikithibitika ni beringi, ile pete ya chuma inayoibana kwenye shafti (chuma kinachozungusha tairi) ikatwe na iwekwe mpya, pamoja na sili mpya, na zisukumwe kwa mashine ya presi. Nyundo hapana.

Na mpaka hapo, usipakie watu. Kwenye pikapu ya aina yako, beringi hiyo na pete yake ndizo zinazoizuia shafti isitoke. Ikivunjika, tairi linaweza kuchomoka pamoja na shafti yake, na najua akina mama hupanda juu ya magunia kuwahi soko la Kirumba. Waambie watafute gari jingine kwa sasa, hata wakinuna. Ukiweza kulileta, vuka Daraja la Kigongo–Busisi gari likiwa tupu, mwendo wa pole, mimi nitakuwa gereji.

Ukishafungua bolti, nipigie kabla hujagusa kingine, uniambie oili ina rangi gani.

Wako,
Fundi wa Igoma