Barua kwa mwanangu: mwaka wangu wa gofu

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa babako. Huku Mombasa tu wazima, kaskazi imeshashika na joto lake. Uliniuliza kwa simu mwaka wa 2025 ulivyoniendea uwanjani, nami nikakujibu "vizuri" tu kwa kuwa salio lilikuwa ukingoni. Leo nina nafasi, acha nikusimulie.

Nianze na Julai, maana hapo ndipo penye utamu wote. Uwanja wetu wa Mombasa Golf Club unaujua: mashimo tisa, ukiyazunguka mara mbili ndiyo kumi na nane, na yale ya upande wa bahari yako wazi kabisa juu ya jabali. Kusi ikivuma hukupiga kifuani moja kwa moja. Siku ile ilivuma hasa, mibuyu ya pale Mama Ngina ufukoni ikawa inalia. Kedi wangu, mbeba fimbo, yule kijana wa Likoni aliyekufundisha kuzishika, akanipa chuma namba 5, fimbo inayopeleka mpira chini na mbali zaidi, mahali ambapo siku ya utulivu ningetumia namba 7. Akaniambia niuweke mpira nyuma kidogo, upande wa mguu wa kulia, mikono itangulie, fimbo isipite bega, na nisitie nguvu. Mpira ukipigwa kwa nguvu huzidi kuzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaoupandisha. Ukishapanda, upepo unaufanya utakavyo.

Basi ulitoka pale kama mshale, chini chini, ukagusa majani mbele ya grini, pale penye nyasi fupi na shimo, ukabiringika polepole hadi karibu na bendera. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini wakati ule ule, na kedi akawapungia mabaharia mkono, eti nao wameona. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikausukuma mara moja tu, ukatumbukia. Mikono yangu bado inalijua pigo lile, hata nikiwa jikoni nakuna nazi.

Handikapu yangu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, sasa ni 24. Unajua inavyopatikana? Huchukuliwa raundi zako 20 za mwisho, zikachaguliwa nane zilizo bora, na hizo ndizo zinazopigiwa hesabu. Zile nyingine kumi na mbili zinakaa pembeni. Naupenda sana utaratibu huu. Mtu anapimwa kwa siku zake njema, na zile mbovu haziguswi.

Februari nilipanda treni kwenda Nairobi kutazama Kenya Open pale Muthaiga. Mashindano haya yapo tangu 1967, babu yako akiyafuata redioni, na mimi nilitaka kuyaona kwa macho. Kule juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali kuliko huku kwetu. Nilikuwa nikiukisia utue mahali, nao unapitiliza. Jumapili alishinda Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini, ushindi wake wa kwanza kwenye DP World Tour, ule msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Lakini kilichonikaa zaidi ni jinsi umati ule wote unavyonyamaza mchezaji akishasimama juu ya mpira. Watoto wa shule, wauza maji, askari, wote kimya. Nilitamani ungekuwepo.

Na Aprili nilikesha. Babako alilala mapema, nikabaki na kikombe cha chai ya tangawizi nikitazama Masters kutoka Augusta, Marekani, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu. Rory McIlroy alikuwa ameisubiri siku ile miaka mingi. Taji lake kubwa la mwisho lilikuwa la 2014. Alianza akiongoza, akapoteza mikwaju miwili shimo la kwanza tu, akaja kuutia mpira kijitoni shimo la 13, na pale la 18 akakosa kuutumbukiza mpira wa karibu ambao ungemaliza kazi. Justin Rose, aliyemaliza siku hiyo kwa mikwaju 66, akawa sawa naye. Wakarudia shimo la 18. Safari hii McIlroy aliuweka karibu na bendera, ukaingia, akaanguka magotini. Ilikuwa imepita saa nane usiku kwetu. Akawa mwanamume wa sita kuyatwaa mataji yote manne makubwa. Nililia, nikamwamsha babako, naye akauliza kama kuna msiba.

Sasa nakuomba jambo. Huko Eldoret najua masomo yamekubana, na kwenye mwinuko ule mpira wako utakuwa unaruka mno, utakudanganya umekuwa hodari ghafla. Mwaka huu mpya, ukifunga chuo kusi ikiwa bado inavuma, njoo tuzunguke pamoja mara mbili zile tisa. Nimekubadilishia mipini ya fimbo zako, ile ya zamani ilikuwa imekauka. Kedi nimeshamwambia, anasema chuma namba 5 ni chako siku hiyo. Viatu njoo na vipya, hivi vilivyobaki hapa amevichukua mdogo wako na vinamtosha kabisa.

Babako anakusalimu.

Wako akupendaye,
Mamako