Barua kwa mwanangu: ile kamba ya helmeti ya Ami

Mwanangu, asalaam aleikum,

Mesej yako niliiona juzi usiku na sikuijibu, si kwamba nilikasirika, ilinikuta barazani kwa marehemu watu wa matanga ndo wanaanza kupungua, nikaisoma nikairudisha simu mfukoni. Umeuliza ile Boxer ya Ami kama itauzwa, na kama naweza kukuombea kwa mjane akupe kwa bei ya nyumbani. Swali si baya. Pikipiki ni mali na mali ya marehemu huuzwa. Ila hukuuliza alikufa vipi, manake wewe uliambiwa tu na mamako kwa simu "ami yako kapata ajali, kafariki" na simu ikakatika. Basi nakuandikia, itakuwa ndefu, kwa mdomo najua nitashindwa katikati.

Unajua Ami si ndugu yangu wa tumbo moja, ulikuja kujua ukiwa mkubwa na ulishangaa. Tulianza wote enzi za baiskeli, Black Mamba zenye kiti cha sponji nyuma, tukibeba watu hapa Malindi kutoka sokoni hadi Shella hadi Maweni, jua la utosi na wazungu wanatupiga picha. Halafu 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo na mji wote ukageuka, kila kijana aliyekuwa na baiskeli akatafuta pikipiki, wengi wetu hata laiseni hatukuwa nayo, tulifunzana kwa dakika chache nyuma ya uwanja wa ndege: hii klachi, hii gia, hii breki, usiguse ya mbele itakurusha. Hilo la breki ya mbele nitalirudia, ni uwongo tuliopokezana miaka na miaka.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa jioni, adhana ya magharibi imekaribia, Ami akapata abiria wa Mambrui. Alikuwa kashinda steji tangu alfajiri manake hesabu ya mkopo haijatimia. Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi na kahawa yangu. Akaichukua helmeti kwenye kioo cha pembeni akaivaa, akaondoka, na ile kamba ya kidevuni ikawa inaning'inia, inapepea. Klipu ilikuwa imevunjika tangu mwezi wa Ramadhani. Niliiona, mwanangu. Niliiona kwa macho yangu haya na nilijua imevunjika, nilishawahi hata kumtania kwamba amevaa sufuria. Sikusema kitu. Nilikuwa nangoja kahawa ipoe.

Hilo sijamwambia mtu, si mamako, si mwenyekiti wa steji, wewe ndo wa kwanza.

Ami alimfikisha abiria salama. Ni kurudi ndo kulikuwa na shida, kabla hujafika daraja la Sabaki, pale unapojua malori ya chumvi ya kutoka Gongoni na Marereni hupita mchana na usiku. Moja lilikuwa limeharibika, limesimama na matairi ya upande mmoja juu ya lami, halina taa hata moja wala zile pembe tatu nyekundu, wameweka matawi ya mti tu barabarani ndo alama. Matawi, usiku! Tawi likikauka kidogo lina rangi ya lami ileile. Mbele kulikuwa na gari limewasha taa fulu, likampofusha. Mimi nimepita njia ile mara elfu na nakwambia hata mimi ningeligonga.

Piga hesabu kidogo, wewe umesoma. Ukiwa spidi 80 unakula mita 22 kila sekunde. Taa ya Boxer ikiwa ya chini inakuonyesha labda mita 30 au 40 mbele, na hiyo ni kama kioo chake kisafi, hakina vumbi na vijidudu. Sekunde moja akili inang'amua, mkono bado haujafika kwenye breki, nusu ya barabara unayoiona imekwisha. Ndo maana usiku hata uwe dereva wa kuzaliwa huwezi kushinda. Spidi 50 angalau una nafasi ya kujaribu. Sijui Ami alikuwa ngapi, mita ya pikipiki yake ilikufa siku nyingi.

Helmeti waliikuta kwenye majani mbali na yeye. Haina mkwaruzo wa maana. Nzima. Imelala pale kama mtu kaiweka aende kuswali.

Nilipofika walikuwa washamtia kwenye tuktuk, wamemkunja, mmoja kashika mabega mwingine miguu, shingo inaning'inia, na siwalaumu, walikuwa wanajaribu kuokoa mtu na hakuna aliyewahi kuwafunza. Lakini we jua: mtu aliyeanguka na pikipiki hainuliwi hivyo. Kama anapumua na hakuna moto wala gari la kumkanyaga muache alale, shika kichwa chake kisigeuke, panapomwagika damu gandamiza kwa kitambaa, hata leso, usiachie mpaka msaada ufike. Helmeti ikiwa kichwani usimvue ila ukiona hapumui. Hospitali wakasema kichwa hicho ni cha Mombasa, na Mombasa ni kilomita 120 hivi, nikapanda nyuma naye kwenye ambulensi. Hatukufika hata Kilifi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kesho yake baada ya adhuhuri tukamzika. Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko pengine popote.

Vijana walikuja kutoka steji zote, Muyeye, Ganda, Gede, hadi Watamu, pikipiki zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, wamefunga matawi kwenye hendeli, taa zimewashwa mchana. Nilipoziona machozi yalinitoka, wallahi, niliona heshima. Halafu jeneza likatoka msikitini na honi zikaanza. Wanavuta eksileta mpaka ekzosi zinapasuka kama bunduki, wengine wamesimama juu ya viti, wengine watatu watatu, na katika umati ule wote sidhani kama niliona helmeti kumi. Tunamzika mtu aliyekufa kwa kuumia kichwa, vichwa vyote viko wazi! Watu wa jenezani wanasoma la ilaha illallah na hawajisikii. Mzee mmoja wa kule mtaani akasimama katikati ya barabara na bakora yake, akainua mkono, akapiga kelele "nyie, mtu anazikwa, mnataka tuchimbe mangapi leo?" Wachache wakazima. Wengine wakamzunguka. Wawili walikaribia kugongana pale kwenye kona ya kuingilia mavani, mmoja akaingia mtaroni, akatoka anacheka.

Anacheka mwanangu. Ni mtoto wa rika lako.

Sisemi wana nia mbaya, kule ni kulia kwao, kijana hajui alie vipi mbele ya wenzake basi analia na eksileta. Najua. Nami nimewahi kufanya vivyo hivyo kwenye mazishi ya wengine na sikuona ubaya. Nikiwahesabu wa steji yetu peke yake tuliowazika tangu tuache baiskeli, vidole vya mkono mmoja havitoshi, na kila mara ni honi, ni ubani wa mia tano mia tano kwa M-Pesa, ni picha yake kwenye profaili wiki nzima, halafu jumatatu tunarudi na helmeti zimetundikwa palepale kwenye kioo, tunazivaa tukiona polisi mbele kisha tunazitundika tena.

Na barazani kila anayekuja anasema siku yake ilifika. Ilifika, kweli, sina ubishi na Mungu. Lakini yule bedui aliyeuliza amuache ngamia wake ategemee Mungu, Mtume alimwambia amfunge kwanza. Mimi nakaa pale nasikia hilo neno, amfunge, na ninaiona kamba inapepea.

Sasa kuhusu wewe. Sikukatazi pikipiki, nitakukataza vipi na ndiyo iliyokulipia karo, ukivua fulana yangu utaona ukanda wa jua mikononi, hiyo ni ada yako. Ukitaka uendeshe utaendesha, lakini utaenda shule ya udereva upate laiseni kama watu, si nyuma ya uwanja wa ndege. Watakufunza breki ya mbele ndo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha pikipiki, ukiibana taratibu pamoja na ya nyuma, si kuikamata ghafla. Sisi tuliiogopa kama nyoka, tukawa tunakanyaga ya nyuma peke yake, tairi inasota tu na pikipiki haisimami. Pale Mambrui na njia za kwenda ufukweni ambapo upepo unaleta mchanga juu ya lami, breki unaibana kabla ya mchanga, ukishaingia usiiguse.

Abiria ni mmoja. Sheria inasema mmoja, na avae helmeti na riflekta kama wewe. Watakataa, watasema ina jasho, ina chawa, itaharibu nywele au mtandio. Weka kofia nyepesi ya kitambaa ndani, ifue kila siku, wengine watakubali. Akina mama wetu wanaokaa upande, usiondoke mpaka uone buibui limekusanywa limekaliwa, manake nimeona kwa macho yangu buibui limeingia kwenye cheni pale karibu na posta, mama wa watu akavutwa chini kama samaki kwenye mshipi. Alipona, Alhamdulillahi, lakini hapandi tena. Na ule mwavuli mkubwa wa kufunga juu ya pikipiki usiniwekee, kusi ikivuma ukiwa darajani inakusukuma hadi upande wa malori.

Muguka, yale majani ya kutafuna ili usilale, sitausema sana unaujua. Kaunti ilipiga marufuku 2024, mambo yakaenda kortini, na mimi siongei habari za korti, naongea habari ya mtu ambaye hajalala tangu jana na anaona bado ana macho.

Helmeti. Kuna tafiti nyingi zilikusanywa pamoja, ikaonekana inapunguza kufa kwa karibu asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69, hiyo ni ikiwa imekaa kichwani. Kinachokuokoa si lile ganda la nje pekee, ni ule mpira mweupe wa ndani, kama ule wa maboksi ya barafu ya wavuvi. Ukigonga chini unabonyea yeye badala ya fuvu. Ukishabonyea mara moja basi, imekwisha kazi hata kama nje inang'aa, kwa hiyo usinunue ya mtumba hata ikiwa ni bei ya maji. Vidole viwili viingie chini ya kamba, si zaidi.

Jana nilisimama steji asubuhi nikawaambia kuanzia leo mtu akitoka na kamba haijafungwa simpi zamu. Mimi ni katibu tu, si mwenyekiti, wakanitazama. Mmoja akaniuliza mzee kwani kuna msako? Nikamwambia ndio, mimi. Wakacheka, lakini wanne walifunga. Yule aliyeingia mtaroni hakufunga, akaondoka hivyo hivyo na zamu yake nikampa mwingine, leo hanisalimii. Na asinisalimie.

Jibu la swali lako: pikipiki iko kituo cha polisi, foku imepinda na chesisi nayo nadhani imekwenda. Tena mkopo haujaisha, waliokopesha washapiga simu mara mbili na mtu hajamaliza hata wiki kaburini. Bima aliyokuwa nayo ni ile ya kulipa watu wengine, yeye mwenyewe haimuangalii, wengi hatulijui hilo mpaka siku kama hii. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, usimpigie simu kumuuliza habari za chuma. Ukitaka kumsaidia mtumie cha unga wa watoto, hata kidogo, utume kwa namba ya mamako.

Hitma ya arobaini utakuja. Safiri mchana.

Helmeti yako nitakununulia mimi kabla hata ya laiseni, nimeshaongea na mwenye duka na ataniwekea. Tafuta ile futi ya fundi cherehani uzungushe kichwa, juu ya nyusi kidogo, uipitishe kwenye kile kisogo chako ulichorithi kwa babu yako, unitumie namba kwa sentimita. Mimi ni 58. Usikisie.

Babako