Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: leza ipimwe kwa jouli, si kwa dakika

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: REKODI NA UKAGUZI WA VIFAA VYA LEZA KATIKA KLINIKI ZA WANYAMA

Sisi ni madaktari na wasaidizi wa mifugo tunaotumia leza kutuliza maumivu ya viungo na kusaidia vidonda kupona. Tunaomba utoe agizo kwamba faili lolote lililoandikwa tu "amepigwa leza dakika 5" lihesabiwe kuwa halijakamilika.

Kipimo cha leza ni jouli, yaani kizio cha nishati, kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Wati 1 hutoa jouli 1 kwa sekunde. Chukua mbwa mwenye baridi yabisi ya nyonga, eneo la kutibiwa likiwa sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita za mraba 100. Kiungo kilicho ndani namna hiyo kwa kawaida hupewa jouli 8 hadi 10 kwa sentimita ya mraba. Tukishika 8, jumla ni jouli 800. Kifaa cha wati 4 hutoa kiasi hicho kwa sekunde 200. Cha miliwati 500, yaani nusu wati, kinahitaji sekunde 1,600, karibu dakika 27. Sasa rudi kwenye zile dakika 5: kifaa cha kwanza kimempa mbwa jouli 12 kwa sentimita ya mraba, cha pili 1.5. Faili ni lile lile na maneno ni yale yale, ilhali matibabu yamepishana mara 8.

Na kuzidisha si usalama. Mwanga mwekundu na ule wa infraredi ulio karibu nao, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 600 hadi 1,000 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hufyonzwa ndani ya mitokondria za seli na kuchochea utengenezaji wa nishati. Kiasi kidogo hakifanyi kitu, kiasi cha kati husaidia, kiasi kikubwa huanza kuzuia kile kile kilichotakiwa kuchochewa. Kidonda kilicho wazi, ambacho kwa kawaida hupewa jouli 2 hadi 4, kinaweza kucheleweshwa na mtu aliyekusudia kukiharakisha. Tafiti za leza kwa wanyama nazo zimetoa majibu yanayopingana, na sababu mojawapo ni kwamba nyingi hazikueleza kipimo kikamilifu. Kliniki zetu zisirudie kasoro hiyo.

Hata hesabu sahihi huharibika kabla mwanga haujafika kwenye kiungo. Skrini huonyesha nguvu iliyoamriwa, si lazima ile inayotoka. Lenzi yenye uchafu, waya wa nyuzi za kioo uliokunjwa au diodi iliyochoka, yaani sehemu inayotoa mwanga, hupunguza nguvu bila onyo lolote. Wati 4 za skrini zikiwa 2.5 mdomoni mwa kifaa, zile jouli 800 zimekuwa 500. Ndiyo maana tunataka kila kifaa kipimwe kwa kipima nguvu cha leza angalau mara moja kwa mwaka, na tarehe ibandikwe juu yake.

Kisha kuna manyoya. Hufyonza na kutawanya sehemu kubwa ya mwanga, na yakiwa meusi hupata joto haraka. Inapowezekana eneo linyolewe, na iodini au marhamu vifutwe kabisa. Kwa ngozi nyeusi nguvu ipunguzwe, muda uongezwe, na kichwa cha kifaa kisisimame mahali pamoja. Mnyama anayeungua hutikisa ngozi, hugeuza kichwa au hujaribu kuondoka; aliyepewa dawa ya usingizi au ganzi, au mwenye jeraha la uti wa mgongo, hawezi kufanya hivyo. Kwake mkono wa mtabibu upite nyuma ya mwanga kupima joto, kila mara.

Jambo linalotutia hofu kuliko yote ni macho. Leza hupangwa kwa madaraja ya hatari; za Daraja la 3B, na zaidi za Daraja la 4 zinazopita miliwati 500, zinaweza kuunguza retina papo hapo. Infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga. Miwani ya jua haisaidii, na miwani iliyotengenezwa kwa nanomita 650 haimkingi anayetumia 980. Namba iliyoandikwa kwenye miwani ilingane na ile ya kifaa. Meza ya chuma ifunikwe kitambaa, pete na saa zivuliwe, mlango ufungwe, macho ya mnyama yafunikwe, na mwenye mnyama akibaki chumbani avae miwani kama wengine.

Tunaomba pia leza isianze kabla ya uchunguzi. Mbwa mkubwa anayechechemea anaweza kuwa na saratani ya mfupa, na uvimbe wa saratani haupaswi kuangaziwa. Picha ya eksirei itangulie. Tumbo la mnyama mwenye mimba na jeraha linalovuja damu viachwe, na anayetumia dawa zinazoongeza hisia ya ngozi kwa mwanga asitibiwe kwa njia hii. Farasi mwenye kano iliyochanika naye akipungukiwa maumivu asirudishwe mbioni, kwa kuwa kano bado haijapona.

Fomu tunayopendekeza ingekuwa na utambuzi wa ugonjwa, urefu wa wimbi, nguvu iliyopimwa, ukubwa wa eneo, jouli kwa sentimita ya mraba, jumla ya jouli, rangi ya ngozi na manyoya, na hali ya mnyama kabla na baada. Haizidi nusu ukurasa. Mikanda na taa za LED zinazotumika kutibu kwa mwanga nazo ziandikwe kwenye fomu hiyo hiyo. Rasimu tunaweza kuiandaa, na tuko tayari kuwafundisha wakaguzi wako kutumia kipima nguvu.

Wako katika kazi,
Madaktari na wasaidizi wa mifugo wanaotumia leza