Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama wote: salaam.

Kipupwe kilichopita midimu, ngoma yetu ya vinyago sisi Wamakonde, ilitoka. Wavulana walipotolewa jandoni, vinyago viliingia uwanjani na akina mama wakakimbia inavyotakiwa. Tusidanganyane, wanajua aliyemo ndani ni mtoto wa nani. Lakini wasipokimbia wao, hakuna mchezo. Mwenye kinyago cha mwili, kile cha tumbo la mjamzito, aliingia polepole ameshika kiuno, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kisha ikaja aibu. Kijana wetu mmoja alimpiga picha mchezaji akivalishwa, akairusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Wazee walidai faini ya mbuzi, vijana wakasema dunia imebadilika. Mimi nilisimama na wazee, na bado nimesimama hapo. Kamati iliamua hivi: uwanjani piga picha upendavyo, ila kibanda cha kuvalia si mahali pa simu.

Ndiyo maana baadhi yenu mlishangaa kamati hiyohiyo ilipoagiza kila kinyago chetu kipigwe picha na kuandikwa daftarini: chale zake, nywele zilizogandishwa kwa nta, hata nyufa. Sababu ni hii. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, na hakikurudishwa Tanzania hadi 2010. Miaka 26! Nacho kilitoka makumbusho ya serikali. Chetu kikichukuliwa usiku, tutakidai kwa ushahidi gani?

Kuhusu UNESCO, mnaniuliza kila mkutano kama midimu yetu itaingia kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya Wachewa, ilitangazwa 2005 na kuingizwa kwenye orodha hiyo 2008, kwa jina la Malawi, Msumbiji na Zambia kwa pamoja. Sisi pia tuko pande mbili za Ruvuma. Ombi la Newala bila Mueda ya Msumbiji litakuwa nusu kinyago. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi huo 2011, kwa hiyo mlango upo. Kinachotakiwa ni ridhaa ya wenye mila wa ng'ambo zote mbili. Wageni tuliowaalika kutoka Mueda hawakufika kwa sababu ya hali ya usalama Cabo Delgado. Mwaliko uko palepale. Nimependekeza pia tuwaandikie ndugu zetu Wamakonde wa Kwale, ambao Kenya iliwatambua rasmi 2017 kuwa kabila lake la 43.

Ada zilisuasua hadi minada ya korosho ilipoanza, kama kawaida yetu. Fundi aliyepokea malipo ya awali ya vinyago viwili ameleta kimoja, tena cha mti mzito kama cha kuuzia watalii. Mchezaji wetu alikivaa dakika chache, shingo ikagoma. Tumekirudisha.

Bungua wameingia kwenye sanduku la vinyago. Dawa inunuliwe kabla mvua hazijaanza. Mwenye mchango amwone mweka hazina leo, kabla hajapanda bodaboda.