Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Dawa ya Magugu na Chupa Zisizo na Lebo

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mfereji wa pili mmeuona wenyewe kwamba umezibuliwa na maji yanafika mashamba ya chini. Huko sitakaa. Jambo lililotugombanisha mwaka huu, hadi kikao kikavunjika mara mbili, ni dawa ya magugu: inaleta saratani au haileti, na zile kesi za Marekani zinazozunguka kwenye simu zetu.

Nianze na kesi, maana kila mtu anazisimulia kivyake. Dewayne Johnson alikuwa akitunza viwanja vya shule huko California. Kazi yake ilikuwa kupiga dawa, Roundup mojawapo, na kuna siku mpira wa bomba ulimkatikia akalowa mwili mzima. Baadaye akaugua saratani ya limfu. Mwaka 2018 jopo la raia katika mahakama ya San Francisco liliamua Monsanto, kampuni iliyotengeneza Roundup, imlipe dola milioni 289. Hiyo ndiyo namba mnayotumiana. Msichotumiana ni kwamba jaji aliishusha hadi milioni 78, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaifikisha milioni 20.5. Mwaka huohuo Bayer, kampuni ya Ujerumani ambayo ilikuwa imeshainunua Monsanto, ilitangaza kutoa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza madai ya maelfu ya watu, bila kukiri kosa. Kesi nyingine zilizofuata imeshinda, nyingine imeshindwa.

Kwa hiyo aliyesimama hapa akasema "wazungu wameshathibitisha" alivuka mpaka, na aliyemjibu kwamba ni mawakili wanatafuta ulaji naye alirahisisha mno. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti, yaani kiini cha dawa hiyo, mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Kundi hilohilo lina nyama nyekundu. Kundi linakuambia kitu kina uwezo wa kudhuru. Halikuambii umeshika kiasi gani hadi kikudhuru. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema haielekei kuleta saratani, na Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali cha miaka 10 mwaka 2023. Utafiti uliofuatilia wapiga dawa zaidi ya 54,000 wa majimbo ya Iowa na North Carolina huko Marekani, uliochapishwa 2018, haukuona uhusiano na saratani ya limfu kwa ujumla. Mabingwa wenyewe hawajakubaliana. Sisi tutapigiana kelele hadi lini chini ya mwembe huu?

Nikiri pia kwamba mama mmoja alinifunga mdomo. Niliposhauri turudi kwenye jembe tu, alisema: "Mwenyekiti, njoo basi uing'oe ndago ya ekari zangu mbili, nami nitakupikia." Sikwenda.

Ila kuna jambo limenikaa moyoni. Kesi za Marekani kwa sehemu kubwa zinagombea lebo: mlalamikaji anasema chupa haikumwonya. Sisi tunanunua robo lita iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Lebo iko wapi? Hatujui kama ni glaifoseti, kama imechakachuliwa, wala inachanganywa vipi. Tunakoroga kwa mkono, tunapuliza kwa mdomo noseli iliyoziba, ile ncha ya bomba inayotoa dawa, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi. Vibarua wetu wanabeba bomba lita 16 linalovuja mgongoni, miguu mitupu, fulana imelowa mpaka jioni, na ndani ya fulana hiyohiyo wanakula. Johnson alilowa kwa ajali. Vijana wetu wanalowa kwa ratiba.

Kuhusu wale watu wawili waliopita kukusanya fedha za "kuandikishwa kwenye fidia ya Marekani": kamati iliwafukuza. Fedha zile za Bayer zilitengwa kwa walioshtaki kule, kwa sheria za kule. Waliokwishatoa hela waje kwa katibu tuandike majina, tupeleke polisi.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, chama kinunue dawa kwa pamoja, lita zilizofungwa na zenye lebo ya Kiswahili, kutoka duka lenye kibali, na mwanachama asionekane tena na dawa kwenye chupa ya maji. Pili, kila anayeajiri kibarua wa kupiga dawa ampe buti, glavu, shati la mikono mirefu na maji ya kuoga na sabuni, na asimtume mtoto. Atakayekaidi hatapata zamu ya maji wiki hiyo.

Najua hilo la zamu ya maji limewauma baadhi yenu; nimewasikia tangu asubuhi. Tutapiga kura kwa kunyoosha mikono, na anayepinga anyooshe hapahapa, tusije tukasemana njiani.