Shukrani kwa aliyetufundisha sanduku la kufuli 3

Dada uliyetufundisha kuweka na kukopa kwa kikundi, hukutaka utajwe jina. Pokea asante zetu. Kila mwanachama anaweka akiba kwa kununua hisa 1 hadi 5 kwa kikao: hisa moja, muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Vyumba vya muhuri vilivyobaki wazi kitabuni vinapigwa mstari palepale mbele ya wote, asije mtu akaongeza muhuri baadaye. Funguo za sanduku la fedha wanashika wanachama 3, mweka hazina hana hata mmoja. Mkopo hauzidi mara 3 ya akiba. Na lile ulilolisisitiza zaidi, maana kulipuuza kunaua vikundi: mikopo yote irudi kabla ya siku ya mgawo, siku ya kugawana akiba. Deni likibaki nje, fedha za sandukuni hazitoshi kulipa hisa za wote, na mwenzetu muuza dagaa anakosa mtaji. Mungu akuzidishie, dada yetu.